Shahada ya uzamili ya utawala wa umma na kazi ya serikali za mitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi ndani ya halmashauri kwa miaka mingi: nilianzia masijala, nikahamia mipango, na mwisho nikakaa kwenye meza ambayo kila jalada la idara hupita kabla ya kwenda kikaoni. Nimekaa pia upande wa pili, kwenye jopo la usaili. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na vijana wa ofisini, na mara nyingine na wenzangu wenye mvi wanaoona haya kuyauliza mbele za watu.

Shahada hii inafundisha nini hasa?

Inafundisha kuendesha kitu ambacho si chako, kwa fedha ambazo si zako, chini ya sheria ambazo hukuzitunga, huku watu wenye haki ya kukuhoji wakikutazama. Majina ya masomo hutofautiana kati ya chuo na chuo, ila utayakuta haya: bajeti na fedha za umma, rasilimali watu, uchambuzi wa sera, sheria ya utawala, takwimu na mbinu za utafiti, maadili, na somo moja la nadharia za taasisi ambalo wengi hulichukia darasani na kulikumbuka kuliko yote wakisharudi kazini. Anayesoma muda wote humaliza kwa mwaka 1 au 2. Anayesoma huku anafanya kazi huchelewa zaidi.

Asili yake iko karibu sana na miji. Mwaka 1887 Woodrow Wilson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika kwamba kuendesha serikali ni jambo la kusomewa, tena tofauti na siasa za kugombea madaraka. Mwaka 1908 mji wa Staunton, Virginia, uliajiri meneja wa kusimamia shughuli zake. Machi 1913 mafuriko makubwa yaliikumba Dayton, Ohio, na mwaka uliofuata Dayton ukawa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuendeshwa na meneja anayeajiriwa na baraza. Mwaka huohuo wa 1914 mameneja wa miji waliunda chama chao, ICMA. Shule ya Maxwell katika Chuo Kikuu cha Syracuse, moja ya za mwanzo kutoa shahada hii, ilifunguliwa mwaka 1924, na mwaka huo ndio ICMA ilipopitisha kanuni zake za maadili.

Angalia mpangilio wa miaka hiyo. Watu walikuwa wameshakalia kiti, ndipo wakaanza kuuliza kiti hiki kinasomewa wapi. Kazi ilitangulia, darasa likafuata. Mengi nitakayosema hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Nikiipata nitapandishwa cheo?

Si moja kwa moja, na anayekuahidi hivyo huenda anatafuta ada yako. Tangazo la kazi likisema kuwa shahada ya uzamili ni sifa ya nyongeza, maana yake hasa ni kwamba jopo litaikumbuka pale waombaji wawili watakapolingana alama. Nimeona mwenye cheti kizuri akishindwa kueleza tofauti ya fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyopokelewa. Hakurudi raundi ya pili.

Inapolipa ni kwenye ngazi moja tu, ile ya kutoka kufanya kazi hadi kujibia kazi za wengine. Afisa hupimwa kwa alichofanya yeye: ramani aliyochora, wagonjwa aliowahudumia, hesabu alizofunga. Akishakuwa mkuu wa idara, hupimwa kwa walichofanya watu thelathini ambao wengine hawapendi kufanya kazi pamoja, na kwa kila sahihi aliyoweka kwenye hati ya malipo. Fani yake ya kwanza haikumwandaa kwa hilo. Hapo ndipo shahada huonyesha thamani yake, na ndiyo maana wanaoijutia mara nyingi ni walioichukua wakiwa mbali na ngazi hiyo, au wasiokuwa na haja ya kuifikia.

Kuna vyeo ambavyo haiwezi kukufikisha hata ukiwa nazo mbili. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1988, ofisa mkuu wa fedha wa halmashauri sharti awe mwanachama wa chombo cha kitaaluma cha uhasibu kinachotambulika. Kama ndoto yako ni uhazini, kasome uhasibu.

Niisome mara tu baada ya shahada ya kwanza, au nifanye kazi kwanza?

Fanya kazi kwanza. Miaka mitatu inatosha, mitano ni bora zaidi.

Darasani kwetu mhadhiri alituwekea jedwali la mapato na matumizi la robo ya tatu, akauliza linasema nini. Kijana mmoja aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, hodari kwelikweli, alipiga asilimia zote kwa dakika chache akasema idara ya maji imezembea kwa kuwa haijatumia fedha. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi idara kama hiyo kwa miaka tisa hakushika hata kikokotoo. Alitazama tarehe ya kupokelewa fedha, akasema, "Hawa pesa imewafikia juzi. Zabuni haijatangazwa hata. Msiwalaumu." Wote wawili walisoma jedwali lilelile. Kijana alikuja kuwa mzuri sana baadaye, ila mwaka ule alilipia masomo ambayo nusu yake hakuwa na mahali pa kuyatundika.

Isipokuwa tu kama programu unayoiomba inakupeleka ofisini kama mwanagenzi kwa miezi kadhaa. Hizo zipo, na kwa mwenye umri mdogo ndizo za kutafuta.

Ni somo gani litanisaidia kesho asubuhi?

Bajeti. Ningependa kusema maadili, lakini umeuliza kesho asubuhi.

Nitaeleza jalada moja. Lililetwa mezani kwangu dokezo la kuomba kuhamisha fedha kutoka kasma (fungu la bajeti) ya matengenezo ya barabara kwenda kasma ya mafuta ya magari. Kabla sijaanza masomo haya, ningekagua mambo matatu: kiasi, salio la kasma, na sahihi ya mkuu wa idara. Yote yalikuwa sawa. Ningelipitisha kabla chai haijapoa.

Lakini wiki ile tulikuwa tumejadili darasani kwamba bajeti ya mwaka huu hujengwa juu ya mgongo wa bajeti ya mwaka jana, watu wakagombania nyongeza ndogo iliyo juu na hakuna anayegusa msingi. Nikaomba masijala wanitolee majalada ya miaka miwili iliyopita. Robo ya tatu ya kila mwaka kulikuwa na dokezo lilelile. Si la kufanana. Lilelile, mpaka neno "matengezo" lililokosewa likiwa limekosewa palepale. Mtu alikuwa akibadilisha mwaka tu.

Nilipofuatilia, nikaelewa mchezo, ingawa kila mmoja aliuona ni utaratibu. Wakati wa kuandaa bajeti, kasma ya mafuta iliwekwa chini makusudi ili makisio yaonekane yamebana na kamati ifurahi. Kila mtu alijua fedha zitahamishwa baadaye. Fedha za barabara zikawa zinakatwa kila mwaka, na hakuna diwani hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono kuzipunguza. Halikuwa kosa la hesabu wala hapakuwa na mwizi. Uamuzi mkubwa ulikuwa unafanywa na karatasi ya ukurasa mmoja, nje ya kikao chenye mamlaka ya kuufanya.

Shahada haikunipa jibu la nini cha kufanya. Ilinipa sababu ya kuomba majalada ya nyuma. Nikiulizwa imenisaidia vipi, huwa natoa mfano huo na kunyamaza.

Mimi ni mhandisi (au muuguzi, au mwalimu, au afisa ardhi). Inanihusu kweli?

Wewe ndiye inakuhusu zaidi, maana aliyesomea utawala tangu mwanzo tayari anajua nusu ya msamiati wake.

Kuna kisa ambacho ningependa kila mtaalamu wa fani akifahamu. Katikati ya miaka ya 1930, mwanafunzi kijana aitwaye Herbert Simon alikwenda Milwaukee kuchunguza uendeshaji wa viwanja vya michezo vya mji. Viwanja hivyo vilikuwa na wakubwa wawili: bodi ya shule ilisimamia shughuli za watoto, na idara ya kazi za umma ilitunza mahali penyewe. Fedha zilikuwa hazitoshi, na pande mbili zilivutana kuhusu ziende kwa walezi wa michezo au kwa matengenezo. Simon, aliyekuwa ametoka kusoma uchumi, alitegemea kuwakuta wakipima shilingi ya mwisho italeta faida wapi. Hakuna aliyekuwa akipima hivyo. Kila upande uliona haja iliyo mbele ya macho yake na kuamini ndiyo haja ya mji. Swali hilo alitembea nalo maisha yake yote, likazaa nadharia yake kwamba binadamu huamua ndani ya mipaka ya anachokijua na anachoweza kukipima, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Chanzo chake ni ugomvi wa kiwanja cha watoto.

Mhandisi anayeingia kwenye timu ya menejimenti hubeba kiwanja chake. Anaamini kwa moyo safi kwamba daraja ni muhimu kuliko zahanati, na muuguzi mkuu anaamini kinyume chake kwa moyo safi vilevile. Shahada hii, ikifundishwa vizuri, hukufanya uweze kuitetea zahanati mbele ya watu huku wewe ni mtu wa madaraja. Ukishaweza hivyo, wenzako wataanza kukuona kama mkurugenzi kabla barua haijaandikwa.

Onyo dogo: usiache leseni yako ya fani ikafa. Watu wa utawala ni wengi. Wahandisi wanaojua utawala ni wachache.

Nichukue utawala wa umma, sera za umma, au usimamizi wa biashara?

Sera za umma kwa anayependa kuchambua kama jambo lifanyike. Utawala wa umma kwa anayepaswa kulifanya likishaamuliwa. Usimamizi wa biashara ni mzuri kwa anayetaka mlango wa sekta binafsi ubaki wazi, lakini utatumia muda mwingi kujifunza masoko na faida, na muda mchache kwenye jambo linalotusumbua sisi kila siku, yaani mteja ambaye huwezi kumkataa hata kama hana cha kulipa.

Je, inaheshimiwa sawa kila nchi?

Hapana. Marekani imekuwa njia ya kawaida ya kuufikia umeneja wa mji. Ujerumani ngazi za juu za utawala zimeshikwa kwa muda mrefu na wanasheria. Ufaransa hupitisha watu kwenye mitihani ya ushindani, na wanaofaulu kwa ajili ya nafasi za juu za serikali za mitaa hupelekwa kwenye taasisi yao maalumu, INET, iliyoko Strasbourg. Uingereza wakurugenzi wakuu wa halmashauri hutoka kwenye fani mbalimbali.

Kwa hiyo badala ya kuuliza shahada ina thamani gani duniani, chukua wakurugenzi watatu wa mwisho wa halmashauri unayoitaka, uangalie walisoma nini na walipitia idara gani. Jibu lako liko humo.

Ni nini ambacho haitanifundisha?

Kikao.

Baada ya kuhitimu niliandaa taarifa ya kurasa kumi na nne kuhusu mradi wa kivuko, yenye chati, uchambuzi wa gharama na manufaa, na mapendekezo matatu yaliyopangwa kwa vigezo. Niliipenda. Kwenye kamati, diwani mmoja aliyekuwa amekaa kimya muda wote alifungua kabrasha, akalifunga, akaniuliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, namuuliza mtaalamu: watoto watakivuka hiki kivuko kabla shule hazijafunguliwa, au baada?" Nilipekua. Jibu halikuwamo kwenye ukurasa wowote. Diwani hakuwa mpinzani wa mradi. Alikuwa na mkutano wa hadhara Jumamosi, na hilo ndilo swali ambalo angeulizwa.

Tangu siku hiyo sijapeleka taarifa kikaoni bila kwanza kuandika, kwa mkono, swali moja ambalo kila diwani atarudi nalo kwa wapiga kura wake. Hakuna mhadhiri aliyenifundisha hilo, na simlaumu. Wilson alitaka siasa na utawala vitenganishwe. Kwenye halmashauri mnakaa meza moja, mnatumia kipaza sauti kimoja, na ukitoka nje mnakutana tena mtaani.

Haitakufundisha pia kukataa. Utajifunza kanuni za mgongano wa maslahi na utapata alama nzuri. Siku mtu unayemheshimu atakapokuomba uisogeze tarehe ya kufunga zabuni kwa saa mbili tu, kanuni utaikumbuka vizuri, na bado mdomo utakauka.

Kusoma mtandaoni kunatosha?

Kunatosha, kama chuo kina ithibati ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako. Angalia hilo kabla ya kulipa hata senti. Vyuo vingine vina pia ithibati ya NASPAA, chombo kinachokagua programu za aina hii; si lazima, lakini ni dalili nzuri. Unachokosa mtandaoni ni wenzako wa darasa. Katika simu yangu, namba ninazopiga nikikwama nyingi ni za wale tuliokaa nao dawati moja.

Tasnifu niandike kuhusu nini?

Kuhusu kitu ambacho unaweza kukihesabu ukiwa umekaa masijala. Nawasihi msiandike "changamoto za utawala bora". Makabati ya vyuo yamejaa hizo, na zote zinahitimisha kwamba elimu itolewe kwa wananchi.

Chukua majalada hamsini ya vibali vya ujenzi. Kila jalada lina mihuri ya kupokelewa, kila mhuri una tarehe. Andika siku ambazo kila jalada limekaa kwenye kila meza. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo akitarajia kumkamata afisa mvivu, akakuta hakuna mvivu. Siku nyingi majalada hayakuwa kwa mtu yeyote. Yalikuwa yanasubiri kikao kinachokaa mara moja kwa robo. Alipendekeza kamati ndogo ikutane kila mwezi. Aliandika sentensi hiyo moja, na ndiyo iliyompandisha zaidi ya cheti chenyewe, kwa sababu mkurugenzi aliweza kuitekeleza bila kuomba fedha.

Omba kibali cha maandishi cha kutumia kumbukumbu, na majina ya waombaji yasionekane popote.

Nani alipe ada?

Mwajiri akikubali, mwache alipe, lakini soma mkataba wa kumtumikia baada ya masomo neno kwa neno: utafungwa kwa muda gani, na ukiondoka mapema utarudisha kiasi gani. Ukilipa mwenyewe, usikope kwa kutegemea nyongeza ya mshahara ambayo hujaiona kwenye muundo wa utumishi wa kada yako. Muundo huo ni waraka, uombe uusome.

Baada ya kuhitimu nitafute halmashauri kubwa au nibaki ndogo?

Watu wengi hudhani kubwa ni bora kwa kila kitu. Miaka ya 1970 Elinor Ostrom na wenzake walipima huduma za polisi katika eneo la Indianapolis na kwingineko, wakakuta idara ndogo na za kati zilihudumia mitaa vizuri sawa na zile kubwa au hata kuzishinda, ingawa kwa mambo kama maabara ya uchunguzi ukubwa ulikuwa na faida. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, kwa kazi yake pana zaidi kuhusu namna watu wanavyosimamia mali ya pamoja.

Nadhani kazi zetu hufuata mkondo huohuo. Kwenye halmashauri ndogo utagusa bajeti, zabuni, ajira na malalamiko ndani ya wiki moja, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuyagusa. Kwenye kubwa utakuwa bingwa wa kipande kimoja. Kwa aliyetoka kusoma, ndogo kwanza.

Nimehitimu, lakini mkuu wangu hataki kusikia lolote nililojifunza. Nifanyeje?

Kwanza acha kutaja majina ya wananadharia kwenye vikao vya menejimenti. Nilifanya hivyo miezi sita. Walinibatiza "Profesa", na halikuwa jina la heshima.

Kisha omba jalada la hoja za ukaguzi za miaka mitatu iliyopita ambazo hazijafungwa. Hakuna atakayekunyima, kwa sababu hakuna anayelitaka. Zipange si kwa mwaka bali kwa chanzo: masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwa ajili ya kazi) yasiyorejeshwa, mikataba iliyoongezwa muda bila kibali, mapato yaliyokusanywa bila kuwekwa benki siku hiyohiyo. Utakuta hoja arobaini zina vyanzo vitano. Andika dokezo la ukurasa mmoja kwa mkuu wako, kabla mkaguzi hajarudi, na sehemu ya jina la mwandishi acha aweke lake.